Tovuti Haionekani Google: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Tovuti Kigoma

Ukurasa huu ni wa wenye tovuti ndogo na za kati mkoani Kigoma: wauza dagaa na mawese wa jumla, wapeleka watalii Gombe na Mahale, nyumba za wageni, shule, zahanati, vyama vya ushirika. Majibu mengi yanahusu Google kwa sababu ndiko wateja wengi wanakotafuta, ila Bing, injini ya utafutaji ya Microsoft, nayo imo. Jambo moja lijulikane mapema: hakuna kitufe cha kuilazimisha injini ya utafutaji. Kinacholeta kasi ni kuondoa vizuizi, kuipa roboti (programu ya injini hiyo inayosoma kurasa) njia ya kufika kwenye ukurasa, na ukurasa wenyewe kuwa na kitu cha kusoma. Kitufe kinakuja baada ya hayo.

Tovuti mpya huchukua muda gani kuonekana?

Siku chache hadi wiki kadhaa. Google hawatoi ahadi ya muda, na wanasema wazi kwamba si kila ukurasa utakaosomwa utaorodheshwa.

Kuna hatua tatu, na ukishajua umekwama ipi, kazi inakuwa nyepesi. Kwanza ukurasa hugunduliwa: Google inapata anwani yake kupitia kiungo kilicho kwenye ukurasa mwingine, au kupitia ramani ya tovuti. Pili husomwa: roboti ya Google, Googlebot, inaufungua na kuchukua yaliyomo. Tatu huorodheshwa: yaliyomo yanachambuliwa na kuingizwa kwenye faharasa, yaani hifadhi ambamo Google hutoa matokeo yake. Kutokea juu kabisa mtu anapoandika "dagaa wa Kigoma bei ya jumla" ni suala jingine, linalokuja baada ya hatua hizo zote. Wengi hulalamika kwamba hawajaorodheshwa kumbe wameshaorodheshwa zamani, ila wako nyuma sana kwenye matokeo.

Nitajuaje kama ukurasa wangu umeshaingia?

Andika kwenye kisanduku cha Google `site:` na anwani yako bila kuacha nafasi, mfano `site:tovutiyako.co.tz`. Hiyo ni ya kuangalia harakaharaka tu. Haionyeshi kurasa zote, kwa hiyo usihesabu kwa kuitegemea.

Jibu la uhakika liko Google Search Console, huduma ya bure. Bandika anwani kamili ya ukurasa kwenye kisanduku cha juu, utaambiwa "URL is on Google" au "URL is not on Google", na chini yake sababu. Bandika anwani ileile inayotumika. Ikiwa tovuti inafunguka kwa `https://www` na wewe umeandika `http` bila `www`, utapewa majibu ya anwani nyingine na utaanza kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Search Console naifungua vipi?

Unahitaji akaunti ya Google na uwezo wa kuingia mahali jina la kikoa chako (anwani kama `tovutiyako.co.tz`) lilikosajiliwa.

1. Ingia Search Console, chagua kuongeza tovuti ya aina ya "Domain", andika `tovutiyako.co.tz` bila `https` wala `www`. Aina hii inakusanya matoleo yote ya tovuti mahali pamoja.
2. Utapewa mstari mrefu unaoanza na `google-site-verification=`. Unakili wote.
3. Nenda kwenye mipangilio ya DNS ya kikoa (mfumo unaoelekeza jina la kikoa kwenye seva yake), ongeza rekodi ya aina ya TXT. Kwenye sehemu ya jina weka `@` au iache wazi, kutegemea paneli uliyonayo. Kwenye thamani bandika ule mstari.
4. Rudi Search Console, bonyeza "Verify". Ikikataa, subiri saa kadhaa ujaribu tena. Rekodi za DNS wakati mwingine huchukua hadi siku moja au mbili kuenea.

Inapokwama, mara nyingi rekodi imewekwa mahali pasipotumika. Kikoa kimesajiliwa kwa kampuni moja, lakini DNS zake zinaelekezwa kwa kampuni nyingine inayohifadhi tovuti, au kwa huduma kama Cloudflare. Rekodi inatakiwa kuwa kule DNS zinakosomwa kweli. Na usiifute ukishathibitishwa. Ukiifuta, uthibitisho nao utaondoka baada ya muda.

Kama aliyekutengenezea tovuti ndiye aliyefungua Search Console kwa akaunti yake, mwombe akuongeze wewe kama mmiliki, si mtazamaji. Hili lidai mapema, kabla hamjapotezana.

Ramani ya tovuti ni nini, na inaharakisha kweli?

Ni faili la XML (maandishi yaliyopangwa ili kompyuta iyasome) linaloorodhesha anwani za kurasa unazotaka zisomwe. Inaharakisha kugunduliwa, hasa kwa tovuti mpya ambayo hakuna aliyeweka kiungo cha kuielekea. Hailazimishi kuorodheshwa.

WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, kuanzia toleo la 5.5 hutengeneza yake yenyewe kwenye `/wp-sitemap.xml`. Ukitumia programu-jalizi (nyongeza ya WordPress) ya SEO, yaani ya kuisaidia tovuti ionekane kwenye utafutaji, anwani huwa nyingine, mara nyingi `/sitemap_index.xml`. Ifungue kwanza kwenye kivinjari uone kama ipo, kisha nenda Search Console, sehemu ya "Sitemaps", uiwasilishe. Iandike pia kwenye robots.txt, faili linaloziambia roboti zisome nini na zisisome nini:

`Sitemap: https://tovutiyako.co.tz/wp-sitemap.xml`

Faili moja linabeba anwani 50,000 au MB 50 kabla ya kubanwa, kiwango ambacho tovuti za huku kwetu haziwezi kukigusa. Muhimu zaidi ni unachoweka ndani. Weka kurasa zinazofunguka vizuri tu. Anwani zilizofutwa, zinazohamisha mtu kwenda kwingine, au zenye alama ya kukataza kuorodheshwa, zitoe. Tarehe ya `lastmod` iwe ya kweli, yaani siku ulipobadilisha jambo la maana kama bei au ratiba ya boti. Google huitumia ikiona ni ya kuaminika. Ukiweka tarehe ya leo kwenye kila ukurasa kila siku, itaacha kuisikiliza. Vile vipengele vya `priority` na `changefreq` Google haivitumii, visikupotezee muda.

Ukiona "Couldn't fetch", hakikisha anwani haijakosewa herufi na haijazuiwa. Ukiona kosa la XML, angalia mstari wa kwanza wa faili: nafasi au mstari mtupu kabla ya `<?xml` unatosha kuliharibu lote.

Ushauri wa kuipigia Google kwa anwani ya "ping" kila unapobadilisha ramani umepitwa na wakati. Google walitangaza Juni 2023 kwamba wanaifunga, na haifanyi kazi tena.

Nibonyeze "Request indexing" mara ngapi?

Mara moja kwa ukurasa mmoja, baada ya kuhakikisha uko safi. Kurudia hakuuvuti mbele ya foleni, na kuna kikomo cha maombi kwa siku. Kabla ya kubonyeza, tumia "Test live URL" uone kama Googlebot inaufungua sasa hivi na inaona nini. Bonyeza hapo "View tested page", soma HTML (msimbo wa ukurasa) iliyopatikana. Kama maandishi yako ya bei au huduma hayamo mle, kuomba ni kupoteza ombi.

Ombi litunzie ukurasa wa mwanzo, ukurasa mkuu wa huduma, na ukurasa mpya wenye haraka ya kweli. Zilizobaki ziachie ramani ya tovuti na viungo vya ndani.

Ni vitu gani vinazuia kabisa?

Anza na hivi kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu vinaponywa kwa dakika chache na ndivyo vinavyokwamisha tovuti nyingi mpya.

Kisanduku cha WordPress. Nenda Settings, kisha Reading, utakuta "Discourage search engines from indexing this site". Mafundi hukitia alama wakati tovuti inajengwa, na siku ya kuikabidhi husahaulika. Toa alama, hifadhi. Kama kuna programu-jalizi ya kuhifadhi nakala za kurasa, isafishe, la sivyo kurasa za zamani zitaendelea kutolewa zikiwa na katazo.

Alama ya noindex, yaani ya kukataza kuorodheshwa. Fungua chanzo cha ukurasa (HTML yake) na utafute neno `noindex`. Linaweza kuwa kwenye HTML, au kwenye vichwa vya seva kama `X-Robots-Tag`, ambavyo havionekani kwenye chanzo lakini Search Console huvitaja.

Faili la robots.txt. Fungua `tovutiyako.co.tz/robots.txt`. Ukikuta mistari hii miwili, umefunga tovuti nzima:

`User-agent: *`
`Disallow: /`

Mkwaju (/) mmoja tu baada ya `Disallow:` ndio unaofunga. Ukiuondoa na kuacha mahali hapo wazi, njia imefunguka. Google huhifadhi nakala ya faili hili hadi saa 24, kwa hiyo usishangae ukirekebisha asubuhi na jioni bado unaambiwa umezuiwa. Jingine linalowachanganya watu: robots.txt inazuia kusoma, haiondoi ukurasa kwenye faharasa. Ukitaka ukurasa utoke, tumia noindex na uiruhusu roboti isome, maana isiposoma haitaliona katazo lako.

Ukuta wa usalama. Googlebot husoma zaidi ikitokea anwani za Marekani. Ukiwa umeamua kuruhusu wageni wa Tanzania pekee ili kupunguza wadukuzi, umeifungia nje. Vivyo hivyo programu za kuzuia roboti zilizokazwa kupita kiasi. Ukitaka kuhakikisha kwamba anayejiita Googlebot kwenye kumbukumbu za seva ndiye kweli, geuza anwani yake ya IP kuwa jina: liishie kwa `googlebot.com` au `google.com`, kisha jina hilo lirudi kwenye IP ileile.

Toleo la simu. Google huorodhesha kile kinachoonekana kwenye simu. Fundi akificha maelezo marefu ili tovuti ipendeze kwenye simu, na kuyaacha kwa kompyuta tu, maelezo hayo yahesabu kuwa hayapo.

Intaneti ya Kigoma ikisuasua, tovuti yangu inachelewa kusomwa?

Hapana. Roboti haipiti kwenye intaneti yako, inazungumza na seva iliyohifadhi tovuti, popote ilipo. Lakini kama seva ni kompyuta iliyoko ofisini kwako Mwanga, umeme na mtandao wako ndiyo maisha yake, na hapo jibu linageuka. Seva inayorudisha makosa ya 500 (hitilafu ya seva) au 503 (haipatikani kwa muda) mara kwa mara humfanya Googlebot apunguze kasi ya kuja, na makosa yakidumu kurasa huanza kuondolewa. Matengenezo kwa 503 yasizidi siku moja au mbili. Angalia "Crawl stats" chini ya Settings kwenye Search Console. Uone muda wa seva kujibu na siku ilizokataa.

Search Console inasema "Discovered – currently not indexed". Na nyingine "Crawled – currently not indexed". Tofauti ni ipi?

Ya kwanza: anwani inajulikana, bado haijasomwa. Kwenye tovuti mpya ni kawaida kwa muda. Ikikaa sana, ama seva ni nzito, ama Google haijaona sababu ya kuharakisha. Tiba ni viungo: uweke ukurasa huo kwenye menyu, au utajwe kwenye ukurasa wa mwanzo, au tovuti nyingine iutaje. Ukurasa ambao hakuna kiungo hata kimoja kinachouelekea, uliomo kwenye ramani ya tovuti tu, husubiri sana.

Ya pili ni nzito zaidi. Google imesoma na ikaamua kutouweka. Hapa kitufe hakisaidii hata kidogo. Ukurasa wenyewe ndio wa kurekebisha.

Chukua duka la dagaa lenye kurasa kumi na mbili: "Dagaa wa Kigoma Dar es Salaam", "Dagaa wa Kigoma Arusha", "Dagaa wa Kigoma Dodoma" na kuendelea, maneno yaleyale, jina la mji tu limebadilika. Google itachukua mmoja au isichukue hata huo. Ziunganishe ziwe ukurasa mmoja wenye mambo ambayo mnunuzi wa jumla anauliza kwenye simu: dagaa hao wamekaushwa juu ya mchanga au kwenye chanja, gunia lina kilo ngapi, bei ya gunia leo na tarehe ya bei hiyo, mzigo unasafiri kwa treni au kwa basi na unachukua siku ngapi kufika kila mji, mwezi mkubwa ukiangaza ziwani upatikanaji unakuwaje kwa kuwa wavuvi wa taa hutegemea giza. Ukurasa wa namna hiyo hauna pacha wake, na ndio unaoingia. Zile anwani za zamani zihamishie kwenye huo mpya kwa 301 (uhamisho wa kudumu wa anwani).

Bidhaa moja ina anwani tatu. Inadhuru?

Inachelewesha. Mafuta ya mawese yaleyale yanafunguka kwa `/mawese`, kwa `/bidhaa/mawese` na kwa `/mawese?rangi=nyekundu`, na roboti inatumia muda kusoma kitu kimoja mara tatu. Chagua anwani moja, weka `rel="canonical"` (alama ya kutaja anwani kuu) inayoielekea kwenye zote, na viungo vyako vya ndani vitumie hiyohiyo. Canonical ni pendekezo. Viungo na ramani ya tovuti vikisema kingine, Google inaweza kuchagua tofauti na wewe.

Nimesambaza kiungo kwenye makundi ya WhatsApp, Facebook na Instagram. Kitasaidia?

Kitaleta wateja. Kwa kuorodheshwa, msaada ni mdogo sana: mazungumzo ya WhatsApp roboti haiyaoni, na viungo vya mitandao ya kijamii vingi vina alama ya `nofollow` (inayoiambia roboti isivifuate) au viko nyuma ya ukurasa wa kuingilia.

Kiungo chenye nguvu ni kile cha kawaida kwenye ukurasa wa wazi wa tovuti nyingine inayosomwa mara kwa mara. Nyumba ya wageni ya Ujiji itajwe na mpeleka watalii wa Gombe, naye aitaje. Shule itajwe kwenye tovuti ya taasisi inayoimiliki. Chama cha ushirika kiwaombe wanunuzi wake wenye tovuti. Hayo yanatosha kwa tovuti ndogo. Vifurushi vya kununua mamia ya viungo viache, vinakiuka kanuni za Google na vinaweza kukushusha.

Bei zangu ziko kwenye bango la picha. Google inazisoma?

Usitegemee. Tovuti nyingi za biashara huku ni bango zuri la JPEG (faili la picha) lenye jina la duka, bei na namba ya simu, na chini yake hakuna neno. Kwa roboti ukurasa huo ni karibu mtupu. Andika bei na maelezo kama maandishi ya kawaida, bango libaki kama pambo, na lipewe maelezo ya `alt` (maandishi yanayoieleza picha). PDF huweza kuorodheshwa, lakini ratiba ya boti kwenye PDF ni usumbufu kwa mwenye simu. Iweke kwenye ukurasa.

Viungo navyo viwe `<a href="...">`. Kitufe kinachofungua ukurasa kwa JavaScript pekee, bila `href`, roboti haikifuati.

Kiswahili kinachelewesha? Niandike Kiingereza?

Hakicheleweshi. Google hutambua lugha kwa kusoma maandishi yenyewe yanayoonekana. Andika kwa lugha ya anayetafuta. Mnunuzi wa mawese wa Tabora atatafuta kwa Kiswahili. Mgeni anayeuliza namna ya kufika Gombe, hifadhi ambayo hufikiwa kwa boti tu, huenda akatafuta kwa Kiingereza.

Ukiwa na lugha zote mbili, kila moja iwe na anwani yake, mfano `/sw/gombe` na `/en/gombe`, na ziunganishwe kwa `hreflang` (alama inayotaja lugha ya kila ukurasa), kila ukurasa ukiutaja mwenzake na kujitaja wenyewe. Kosa la kawaida ni kitufe cha kutafsiri kinachobadilisha maneno papo hapo huku anwani ikibaki ileile. Roboti itaona lugha moja tu.

.co.tz au .com, ipi huingia haraka?

Hakuna tofauti ya kasi. `.co.tz` huiambia Google kwamba unalenga Tanzania, jambo jema kwa biashara ya ndani.

Bing nayo je?

Fungua Bing Webmaster Tools na uchague kuleta tovuti yako moja kwa moja kutoka Search Console; ni kazi ya dakika chache. Usiidharau, kwa sababu DuckDuckGo na Yahoo huchukua matokeo mengi kutoka Bing.

Bing pia hupokea IndexNow, mfumo ulioanzishwa na Microsoft pamoja na Yandex mwaka 2021, ambao tovuti yako yenyewe huutumia kutoa taarifa ukurasa unapoongezwa, kubadilishwa au kufutwa. Unatengeneza ufunguo wa herufi 8 hadi 128, unauweka kama faili la maandishi kwenye mzizi wa tovuti, kisha unatuma anwani, hadi 10,000 kwa mara moja. Kwa WordPress ipo programu-jalizi inayofanya yote hayo. Google haitumii IndexNow.

Kuna mtu ananiahidi Google ndani ya saa 24 kwa malipo. Nilipe?

Usilipe. Hakuna mwenye mlango wa nyuma. Wengi wa aina hii hutumia Indexing API, njia ya programu kuijulisha Google kuhusu kurasa, ambayo Google imeitoa kwa kurasa za matangazo ya kazi na za video za matukio mubashara tu. Mlipe fundi kwa kazi unayoweza kuiona: kuondoa noindex, kurekebisha ramani, kuharakisha seva.

Duka langu halionekani kwenye ramani za Google. Ni suala hilohilo?

Hapana, ni mfumo tofauti. Duka, zahanati au nyumba ya wageni huingia kwenye ramani kupitia Wasifu wa Biashara kwenye Google, ambao ni bure na huhitaji uthibitisho, mara nyingi kwa video ya mahali penyewe. Fanya yote mawili, na uweke anwani ya tovuti kwenye wasifu huo.

Nimebadilisha bei lakini Google inaonyesha ya zamani. Na ukurasa niliofuta bado unatokea.

Kwa bei, badilisha ukurasa, sasisha `lastmod`, kisha omba kuorodheshwa upya mara moja. Kwa ukurasa uliofutwa, hakikisha seva inarudisha 404 au 410 (namba za kusema ukurasa haupo). Ukurasa unaosema "haupo" huku ukirudisha 200 (namba ya kusema yote ni sawa) unaendelea kuhesabika kuwa upo. Ukihitaji utoweke haraka, tumia "Removals" kwenye Search Console, ila huo ni ufichaji wa takriban miezi sita tu. Katazo la kudumu liwe kwenye tovuti yenyewe.

Nahamia kikoa kipya. Nitaanza upya kabisa?

Si lazima. Elekeza kila anwani ya zamani kwenye anwani mpya inayolingana nayo kwa 301, ukurasa kwa ukurasa. Kuzitupa zote kwenye ukurasa wa mwanzo mpya hupoteza karibu kila kitu ulichojenga. Thibitisha vikoa vyote viwili Search Console, tumia "Change of Address", wasilisha ramani mpya. Kikoa cha zamani endelea kukilipia na uache 301 zifanye kazi kwa mwaka mmoja au zaidi, ukikumbuka kwamba mabango, risiti na kadi za biashara zenye jina la zamani bado ziko mikononi mwa wateja.